Kijiko kwa Kijiko



Wako wenzetu wasemao kwamba hesabu ya asidi na besi ni ya mtihani tu. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu niliipata Kabalagala, si darasani.

Likizo iliyopita, kiasi cha lita moja ya asidi ya betri ilimwagika katika karakana iliyo jirani na kwetu. Fundi, mtu mwema kabisa, akanyunyiza vijiko vichache vya bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia mandazi. Povu likatoka, likatulia. Akasema, "Basi, imekwisha." Kijana wake akapiga magoti kupangusa kwa kitambaa, akainuka akilia viganja vinamwasha. Tukamwosha kwa maji mengi. Kisha nikatupa kijiko kingine cha soda pale sakafuni: povu likatoka upya. Kumbe iliyokwisha ni soda, si asidi!

Haya, tuhesabu. Lita moja ya asidi ya betri iliyojaa chaji ina karibu gramu 470 za asidi ya salfuriki. Kila gramu 98 za asidi hiyo hutaka gramu 168 za bikaboneti, kwa maana molekuli moja ya asidi hutaka mbili za bikaboneti. Basi lita ile ilihitaji karibu gramu 800. Vijiko vichache vingefaa nini?

Tena kila besi ina kipimo chake. Kule Kilembe, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 1956 uliacha mabaki yenye salfa, ambayo kwa hewa na mvua huzaa asidi. Kiwanda cha kobalti cha Kasese, kilichoanza kuyachakata mwaka 1999, kilituliza asidi kwa mawe ya chokaa. Hapo gramu 98 zile zile hutaka gramu 100 tu za chokaa safi. Aliyekariri jibu la soda atakosea. Aliyejifunza njia hatakosea.

Kwa hiyo naomba hesabu hii tuifanye kwa mizani mkononi, si kwa chaki peke yake. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, wenye karakana na viwanda, tukaribisheni tuje na mizani yetu.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli; lakini kwanza ujue kibaba chenyewe ni kiasi gani.

Mwanafunzi wa S.6