Lugha za Songwe Zipimwe Nyumbani Kwanza

Ndugu zangu wa Tunduma, Momba, Mbozi na Ileje, tumezoea kujivunia lugha zetu: Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kilambya, Kiwanda na nyinginezo. Tuna haki ya kujivunia. Lakini wingi wa lugha si uzima wake, na mzee anayeisema kwa ufasaha si ushahidi kwamba wajukuu wataisema.

Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO walitoa vigezo tisa vya kupimia uhai wa lugha. Cha kwanza ni hiki: je, wazazi wanawarithisha watoto? Nendeni sokoni Tunduma mkapime wenyewe. Mama muuza mchele anapatana bei na mteja aliyevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kwacha mkononi, Kinyamwanga kikimtoka kama maji. Papo hapo mwanawe anamvuta kanga akidai andazi, naye anamjibu kwa Kiswahili. Simlaumu. Mji wa mpakani umekusanya makabila mengi, Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na mtoto atakihitaji darasani. Tunachokosea ni kudhani kwamba Kiswahili hakiingii kichwani mwa mtoto mpaka Kinyamwanga kitoke.

Wala tusijidanganye kwamba ndugu zetu wa ng'ambo watatutunzia lugha hiyo. Zambia ilichagua lugha saba za wenyeji za kutumika shuleni na redioni, na Kinyamwanga hakimo.

Na kusoma je? Kinyiha kimeandikwa zaidi ya miaka mia moja, tangu Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoraviani pale Mbozi, alipotafsiri Maandiko. Hata hivyo, lugha yenye kitabu cha ibada peke yake husomwa Jumapili, ikakaa kabatini wiki nzima. Kijana aliyemaliza darasa la saba hana haja ya kurudishwa kwenye a, e, i, o, u. Aonyeshwe namna ya kuandika sauti ambazo Kiswahili hakina, kisha apewe cha kusoma: hadithi za bibi, miti ya dawa, ushauri wa kahawa. Bibi mwenyewe, ambaye hakupata kuingia darasani, haja yake ni nyingine kabisa: aanze kusoma kwa lugha anayoitumia kufikiri. Wawili hawa hawatoshelezwi na kitabu kimoja, ndiyo maana nasema tupime kabla ya kuchapa.

Ruhusa tunayo. Sera ya Utamaduni ya 1997 inatuhimiza kuzionea fahari lugha za jamii, kuzitafiti, kuziandika na kuzitungia kamusi. Basi walimu, wachungaji na watendaji wa kata, piteni nyumba kwa nyumba mkaulize: mtoto anasemeshwa kwa lugha gani, na nani anataka kusoma nini? Nanyi wazazi msingoje matokeo. Leo jioni, wakati wa kula, semeni na wanenu kwa lugha mliyolelewa nayo.