MNAMCHEKA STAA KWA MKOKO WA ZAMANI? KITONGA HAIKUULIZA GARI NI YA MWAKA GANI

Ubuyu huu wengi mmeshauonja. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alinaswa kwenye video akiwa kakwama mlima Kitonga. Boneti iko juu, mvuke unapanda kama wa sufuria ya makande, mama yake mzazi kakaa kwenye jiwe kajifunika mtandio, na mshikaji wake mmoja kashika mkono huku anauma meno kwa maumivu. Aliyerekodi ni abiria wa basi lililokuwa linajikongoja nyuma ya malori. Mpaka jioni hakuna grupu la WhatsApp ambalo halikuwa nayo.

Komenti nazo mnazijua. "Staa mzima anasafiri na GX110?" "Auze anunue bajaji, chenji itabaki." "Hela za shoo zinaishia wapi?" Mwanadada mmoja maarufu wa Insta, naye jina lake linahifadhiwa, akaandika kwamba mtu mwenye jina hapaswi kuonekana barabara kuu na gari ya enzi za simu za vitufe. Likes zikamiminika.

Sasa kicheko hicho ndicho chenye shida. Sio kwamba jamaa hana kosa. Analo, tena kubwa, na limemuunguza mtu. Ila kosa lake sio umri wa gari, na wanaocheka umri wa gari wanawaandaa wengine warudie kosa lile lile Desemba ikifika.

Kwanza hesabu ndogo. Mark II GX110 ilitengenezwa kuanzia 2000 hadi 2004, yaani hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka 20. Kenya wao wameweka ukomo, gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 haiingizwi nchini. Bongo inaingia, unalipa ushuru wa uchakavu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo ukicheka gari ya zamani unacheka nusu ya magari yaliyopaki Sinza, Tabata na Mbagala, na huenda na ile iliyokupeleka shule.

Mtu wa karibu na familia amemwaga kilichotokea kabla ya safari. Wiki mbili kabla, gari ilivalishwa rimu za inchi 18, ikabandikwa tinti mpya, ikafungwa mziki mnene kwenye buti, na siku ya mwisho ikapigwa polishi mpaka unajiona usoni. Yote hayo yaliposti Insta, hatua kwa hatua. Ambacho hakikupostiwa ni kwamba alipita gereji kwa fundi wake wa siku zote. Fundi akaminya hozi ya juu ya rejeta akatikisa kichwa. "Bosi, huu mpira umekufa. Sikia unavyolia. Halafu humu ndani unaweka maji ya bomba, ona kutu hii." Staa akajibu, "Fundi wangu, nikirudi Mbeya nakuja tumalize yote. Saa hizi bajeti imekata."

Bajeti ilikatwa na rimu. Kwa pesa ya rimu zile angepata hozi zote, thamostati, kifuniko cha rejeta, kulanti na kazi ya fundi, na ya mafuta ingebaki.

Ambaye hajawahi kupita njia ile aelewe kwanini Kitonga na sio Chalinze. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830. Ukishavuka foleni ya Kimara na Kibaha, gari inakimbia na upepo unaipoza, kwa hiyo hata rejeta goigoi inakudanganya kwamba iko fiti. Unapita Morogoro, unakatiza hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, unashuka Ruaha Mbuyuni kwenye bonde la mibuyu ambako jua halina huruma. Baada ya hapo mlima unaanza. Malori yamepangana, kona kali, huwezi kuovateki. Unapanda kwa mwendo wa mtu anayewahi kivuko, gia ya chini, injini inafanya kazi nzito kuliko safari nzima, na upepo wa mbele hakuna. AC inapuliza, mziki wa kwenye buti unapiga. Hozi iliyochoka inasubiri nini tena?

Kuna kitu kidogo hapa wengi hawakijui. Mfumo wa kupoza injini unafanya kazi kwa presha. Maji yakiwa wazi yanachemka nyuzi 100, lakini kifuniko cha rejeta kinabana presha ili yasichemke mpaka joto lipande zaidi ya hapo. Springi ya kifuniko ikichoka, presha inavuja na maji yanachemka mapema. Kifuniko! Kitu ambacho watu wanne wakikaa mgahawani mara moja wameshakila. Kulanti nayo sio urembo wa rangi ya kijani au nyekundu, inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, ukiyatia kwenye rejeta kila wiki unailisha sumu taratibu.

Halafu kuna mafundi wenye ule wimbo wa "Bongo kuna joto, thamostati haina kazi, itoe." Kwenye baadhi ya injini thamostati ikitolewa, maji mengi yanakatiza njia ya mkato kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hugundui. Mlimani unagundua. Fundi akikutolea thamostati akakuambia kakusaidia, badilisha fundi kabla hujabadilisha kitu kingine.

Na ule mkono ulioungua, ambao wadau waliucheka kuliko kipande kingine chochote? Mshikaji alivua fulana, akaizungushia kwenye kifuniko cha rejeta, akafungua gari ikiwa bado ya moto. Ile presha yote ikatokea kwake. Kaungua mkono mpaka kifuani, na alikuwa anasaidia tu. Mshale wa joto ukianza kupanda zima AC, washa hita mpaka mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini (ndiyo, mtatoka jasho), tafuta sehemu salama, simama, zima. Kaa nusu saa au zaidi. Kama hozi bado inachoma kwa kuigusa, kifuniko hakiguswi. Wala usimwage maji ya baridi ghafla kwenye injini iliyochemka, maana silinda hedi ikipasuka hapo hauzungumzii hozi tena, unazungumzia injini.

Tena jamaa ana bahati. Angechemshia katikati ya Mikumi saa mbili usiku, kule hakuna jiwe la kumkalisha mama.

Kuna la tairi ambalo hata waliocheka hawakuliona. Rimu zile zilikuja na tairi zake za mtumba, kashata bado ndefu, zimepakwa dawa zinang'aa. Ukikuza picha aliyoposti mwenyewe, ubavuni mwa tairi la mbele zinasomeka namba nne za mwisho: 3512. Maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira unazeeka hata kama hautembei, na watengenezaji wengi wanasema tairi lililozidi miaka 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Tairi la hivyo, mwendo wa 100, lami ya moto, gari imejaa watu na mabegi, likipasuka la mbele usukani sio wako tena. Kabla ya safari inama usome hizo namba kwenye tairi zote, na la spea pia. Spea ndiyo inayosahaulika, unakuta halina upepo, jeki iliazimwa na jirani na spana ya tairi haipo. Pembetatu za kuakisi mwanga nazo zibebe. Trafiki atakuuliza, lakini hata asipouliza, lori linalokuja usiku halisomi matawi ya mti uliyotandaza barabarani.

Breki ndiyo habari ya kurudi, maana Kitonga ukiipanda ujue utaishuka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa, ndiyo maana wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Yakiwa machakavu, ukashuka umekanyaga breki mfululizo, yanachemka na pedo inazama mpaka chini kama unakanyaga godoro. Gari ya otomatiki weka 2 au L kabla hujaanza kushuka, injini ndiyo ikushike. Kuanza kutafuta gia baada ya kusikia harufu ya pedi ni kuchelewa.

Kwa wenye GX100 na GX110 wenzake: injini ya 1G ina mkanda wa timing, na unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari inazima hapo hapo ulipo. Kama umenunua gari mkononi mwa mtu na hujui ulibadilishwa lini, usiamini namba za kwenye dashibodi, zimesharudishwa nyuma nyingi. Badilisha uanze kuhesabu wewe. Taa, waipa, betri, honi, hayo mnayajua.

Sasa turufu anayoisahau kila mtu ni muda. Bongo gari inapelekwa gereji leo jioni, kesho alfajiri safari. Kitu kipya kilichofungwa vibaya kinakufia Mlandizi. Kazi zote ziishe wiki moja kabla, kisha ijaribu. Nenda Bagamoyo urudi, washa AC, beba watu. Ukirudi fungua boneti, angalia chini kama kuna tone, angalia kiwango cha maji na oili. Ikivuja, unavuja nyumbani. Na spea usinunue kwa macho tu. Feki mpya kwenye boksi linalong'aa zipo kibao, ndiyo maana mafundi wengi wanakushauri uchukue yuzdi ya Japani pale Gerezani. Ila hozi na mikanda nunua mpya, mpira wa mtumba ni mpira uliozeeka tayari.

Turudi kwenye kicheko. Kwanini mtu aliyeambiwa na fundi wake kwa mdomo kwamba hozi imekufa anaenda kununua rimu? Kwa sababu rimu ina likes, hozi haina. Mwaka jana kuna dada mmoja wa Bongo Muvi alijipiga picha gereji, ovaroli mwilini, oili mikononi, gari yake imepandishwa juu. Mkamwambia maisha yamempiga. Mkamuuliza mume yuko wapi. Baada ya saa mbili akaifuta. Wiki iliyofuata akapiga picha kaegemea Prado ya kuazima, mkamwita malkia. Hapo mastaa wanajifunza nini? Na yule kijana wa Kimara mwenye IST anayewaangalia mastaa, yeye anajifunza nini?

Ni kweli kuna gari hazifai safari. Inayotoa moshi wa bluu, inayokunywa oili kila siku tatu, iliyoliwa na kutu chini mpaka unaona lami, hiyo iache mjini upande basi, hakuna aibu. Na ni kweli gari mpya ina vitu vingi vya usalama ambavyo ya zamani haina. Lakini "auze anunue mpya" ni ushauri wa mtu asiyelipa. Wengi wakiusikia wanaingia mkopo, au wanapaka rangi ya zamani ionekane mpya, na zote mbili haziibadilishi hozi.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, kila Desemba anampeleka mama yake Tukuyu na RAV4 ya mwaka 1998. Wanaomfahamu wanasema anaanza Oktoba. Mshahara wa mwezi huo unatoa tairi mbili, wa Novemba breki na hozi, Desemba mwanzoni oili na majaribio ya Bagamoyo. Anatoka Dar saa kumi na moja alfajiri, na jua likizama hataki kuwa barabarani. Akifika Ruaha Mbuyuni anasimama hata kama hajachoka. Mama ananunua vitunguu, watoto wananyoosha miguu, boneti inafunguliwa ipumue. Kisha AC inazimwa, vioo vinashushwa, wanaupanda mlima taratibu nyuma ya malori, dumu la maji la lita 10 likiwa nyuma ya kiti.

Hajawahi kuposti hata picha moja ya gari hiyo. Mfanyakazi mwenzake alimuuliza kwanini, akacheka. "Niiposti ili waniambie niuze?"