Nyama ya Ijumaa



Juma lililopita, baada ya Misa, mama mmoja wa kigango chetu alinijia amekunja uso. Kijana wake asomaye mjini amerudi likizo, akachinjiwa kuku kwa heshima, akakataa hata mchuzi. Asema walaji wa nyama wanaiharibu dunia. "Mwalimu," yule mama akaniambia, "sisi mbuzi twamwona Noeli na Pasaka. Hiyo dunia tumeiharibu lini?"

Swali lake ni zuri, nalo halistahili kuchekwa. Wala kijana hakusema uongo. Tatizo ni kwamba maneno aliyoyasikia yaliwahusu kwanza watu wengine, naye akayatua mezani pa mama yake.

Tazama. Huko Marekani mtu mmoja, ukigawa sawasawa, hupata nyama zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Hapa Tanzania hata kilo 20 hatufiki, na katika vijiji vingi ni chini ya hapo. Nyama nyingi namna ile haitoki katika zizi la nyuma ya nyumba. Wanyama wale hulishwa nafaka na soya, na karibu robo tatu ya soya yote ilimwayo duniani huliwa na mifugo. Kule Brazili, katika msitu mkubwa wa Amazon, sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa miti imegeuzwa malisho ya ng'ombe. Mti umekatwa huku, nyama imeliwa kule, na mlaji hakusikia sauti ya shoka.

Tena kuna jambo la hewa. Ng'ombe hucheua, majani huchacha tumboni mwake, na hewa iitwayo methani humtoka kwa mbweu. Hewa hiyo huongeza joto la dunia kupita hewa ya ukaa, ijapokuwa haikai angani muda mrefu kama ile. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mifugo huleta kama asilimia 12 ya hewa zote ziongezazo joto zitokazo katika kazi za wanadamu. Na tusijidanganye: ng'ombe wa maskini naye hutoa mbweu, na nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30.

Sasa nikupe habari moja ambayo Mkatoliki yafaa aijue. Papa Paulo wa Sita, mwaka 1966, aliwapa maaskofu ruhusa ya kuweka toba nyingine badala ya kuacha nyama siku ya Ijumaa. Huko Uingereza na Wales, tangu miaka ya 1980, kila mwamini alijichagulia toba yake mwenyewe, na wengi, kama ujuavyo tabia yetu wanadamu, hawakuchagua kitu. Basi mwezi wa Septemba mwaka 2011 maaskofu wa huko wakairudisha sheria ya zamani: Ijumaa, nyama hakuna. Hawakusema habari ya hewa wala misitu. Walitaka toba tu.

Miaka ikapita. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakatoa hesabu yao. Waliona kwamba ni zaidi kidogo ya robo tu ya Wakatoliki waliobadili chakula chao cha Ijumaa, na wengi wa hao walipunguza tu nyama, hawakuiacha kabisa. Hata hivyo, kwa utii huo wa nusunusu, dunia iliokoa zaidi ya tani 55,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Wakasema pia kwamba maaskofu wa Marekani wakifanya vivyo hivyo, faida yaweza kuwa mara 20. Mimi habari hii ilinifurahisha mno, maana wale wazee hawakuwa wakiwaza hesabu yoyote ya namna hiyo.

Lakini je, sisi tumetoka bila hatia? Waulize wazee wa Kondoa. Milima yao ililiwa na mvua hata makorongo yakameza mashamba, na moja ya sababu ilikuwa mifugo kuzidi nguvu ya ardhi. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lile. Majani yakarudi, miti ikarudi. Lakini maziwa na samadi vilikosekana nyumbani, na ng'ombe walipelekwa mbali. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini na kuwakatia majani. Ardhi ilipona, ila aliyeilipia ni mwenye ng'ombe.

Kuna na jambo jingine ambalo halihitaji kipimo cha hewa. Kanisa lafundisha kwamba twaweza kula wanyama, lakini kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Wazungu walisongamanisha kuku katika vizimba vidogo, hata Umoja wa Ulaya ukavipiga marufuku vizimba hivyo mwaka 2012. Sisi twawalaumu, kisha siku ya gulio twamfunga kuku miguu, twamning'iniza kichwa chini kwenye baiskeli kilomita kumi juani. Mbuzi naye hulala juu ya basi kama gunia. Jambo hili halitugharimu hata senti kulirekebisha: tenga la kuku husukwa na mzee yeyote kijijini.

Na wewe baba, nina neno nawe. Kuku akichinjwa, paja na firigisi ni zako, na mtoto wa miaka miwili hupewa ugali na mchuzi mwekundu. Mtoto huyo ndiye mwenye haja ya nyama, na mayai, na dagaa, ili apate damu na akili. Ikiwa mtu yeyote nyumbani mwako apaswa kupunguza, si yeye.

Kwa hiyo yule mama nimemjibu kwamba kuku wake hakukata msitu wowote. Alikula punje za uani na mchwa, na kumchinja kwa ajili ya mwana aliyerudi si dhambi. Kijana nitamwona Jumapili. Nataka kumwuliza huko mjini, siku ya Ijumaa, hula nini.