Kibonge na Pengo, Wateja wa Kantini Moja

Mwanafunzi mwenzangu, leo tusemezane bila ya kufichana. Katika kidato chetu wapo wawili waliobandikwa majina ya utani. Mmoja ni Kibonge, kwa ajili ya mwili wake. Wa pili ni Pengo, na huyo ndiye mimi. Muhula uliopita gego langu la chini liling'olewa baada ya kuninyima usingizi siku tatu bwenini. Shavu lilivimba kama andazi, na kila mtu alinihurumia. Hata matroni alinichemshia maji ya chumvi. Kibonge naye, akikimbia uwanjani, huchekwa. Je, sisi wawili tulikuwa tukikutana wapi? Kwenye foleni ya kantini kila siku saa nne, tukinunua kile kile: soda, andazi na peremende za kuingia nazo darasani.

Wapo wanaodhani ati unene huozesha meno. Sivyo. Kuna wembamba kama ufito wenye meno mabovu tele, na kuna wanene wenye meno meupe pe pe pe. Ndiyo maana watafiti waliopima mambo haya mawili pamoja hawakupata jibu moja. Lakini mara nyingi mama yao ni mmoja, naye ni sukari.

Soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari gramu 30 na ushei, yaani vijiko saba vya chai au zaidi. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Chupa moja tu, umeshapita! Na chai ya asubuhi bado hatujaitaja.

Mdomoni, bakteria huila sukari hiyo na kutoa asidi inayolainisha tabaka gumu la jino. Mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Sasa wewe ukimung'unya peremende saa nne, nyingine saa tano, nyingine saa sita, mate yatafanya kazi saa ngapi? Huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm, miaka ya 1940 watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari makusudi bila ya ridhaa yao. Ulikuwa ukatili, nami siutetei. Ila ilionekana kwamba waliolishwa tofi za kunata baina ya milo ndio waliooza meno kupita waliokula sukari pamoja na chakula. Mwilini nako, sukari ya kunywa haishibishi. Utamaliza soda na bado githeri utaifuta sahani nzima, na kinachozidi hugeuka mafuta.

Nitaambiwa, "Si mpige mswaki!" Tupige, naam, lakini mswaki haupunguzi kilo hata moja. Nitaambiwa tena kuwa faida ya kantini hununua mipira, na kwamba hata jarida hili ulilolishika limechangiwa nayo. Ni kweli, na naandika nikiona aibu kidogo. Lakini saa tatu mwalimu wa biolojia anatufundisha jinsi meno yanavyooza, kengele inalia, na saa nne shule hiyo hiyo inatuuzia cha kuyaozesha. Hapo mimi sielewi.

Sisemi kantini ifungwe. Njaa ya saa nne naijua. Viranja wakae na mwalimu wa kantini kabla ya muhula ujao kuanza. Pauzwe ndizi, njugu, mayai ya kuchemsha, na maembe msimu ukifika. Soda zingoje siku ya michezo. Na yule mwenzetu tuache kumwita Kibonge. Tulikula sahani moja, mimi nikapewa pole na yeye akapewa kicheko, ilhali jina lake limo kwenye rejista ya darasa.