Wanaongoja Mvua Watapishe Vyoo

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikiangukia Dar es Salaam usiku, watu wengi hujivutia shuka na kumshukuru Mungu kwa ubaridi. Wako, hata hivyo, wanaoamka. Huvaa ndala, hushika tochi na sururu, huzunguka uani, na kuzibua tundu lililozibwa kwa tofali ubavuni mwa shimo la choo. Kilichojaa humo kwa miezi minane hutoka chenyewe. Hufuata maji ya mvua uchochoroni, kikapita mlangoni kwa mama mchoma vitumbua, kikaingia mtaroni, na mtaro ukakipeleka bonde la Msimbazi. Kukicha, mwenye nyumba yuko barazani anapiga mswaki, anaitikia salamu za wapita njia kama mtu asiye na deni la mtu. Jambo hili lina jina lake mitaani, na jina lenyewe halina haya: kutapisha choo.

Ajabu ni kwamba wafanyao hivyo si watu wachafu. Nenda nyumbani kwao umekaribishwa chakula uone. Kabla ya mkono kugusa sinia, mtoto wa nyumba atakuja na birika na beseni, atakunawisha wewe mgeni kwanza, na taulo iko begani. Ua umefagiwa tangu alfajiri. Hakuna aingiaye msalani bila kopo la maji. Kwa usafi wa mwili watu wa pwani hawana wa kuwafundisha, na wageni wengi waliofika huku wakajiona wastaarabu waliondoka wamejifunza kutawadha. Basi mtu wa namna hiyo, anayeosha hata nyayo zake kabla ya kulala, anawezaje kumtilia jirani yake kinyesi mlangoni usiku wa manane na kupata usingizi?

Wala hawezi kusema dini haikumwambia. Mwislamu alifundishwa chuoni, angali mtoto, kwamba kujisaidia njiani, kivulini wanapopumzika watu, au penye maji watu wanapochota, ni kujitafutia laana. Mkristo anayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, ambamo wana wa Israeli waliamriwa kutoka nje ya kambi wakiwa na kijiti cha kuchimbia, wachimbe, kisha wafukie. Wafukie, haikusemwa wangoje mvua. Mtu anayetoka kutapisha choo saa nane za usiku na kuwahi ibada ya alfajiri akiwa na udhu kamili, au kanisani akiwa na shati jeupe, hana haja ya kuhojiwa na mwandishi. Atahojiwa kwingine.

Tuje kwenye maradhi yenyewe. Kipindupindu hakiletwi na upepo mbaya, wala jicho la hasidi, wala embe bichi kwa ubichi wake. Huletwa na kijidudu kiitwacho Vibrio cholerae, ambacho Mjerumani Robert Koch alikifuatilia Misri mwaka 1883, kisha Calcutta mwaka uliofuata. Njia yake haina mafumbo: hutoka katika haja kubwa ya mtu mmoja, kikaingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa chakula au kwa mkono. Msomaji atasamehe ukali wa maneno, lakini aliyeshikwa na kipindupindu amemeza kinyesi cha mwenzake. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Homa ya matumbo hupita njia hiyohiyo, na kuhara damu, na polio, na baadhi ya minyoo inayowavimbisha watoto matumbo.

Aliyeshikwa sawasawa hutokwa na maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Macho hudidimia, sauti hukauka, ngozi ya vidole hukunjamana kama ya dobi, na asipotibiwa aliyeamka mzima asubuhi anaweza kuzikwa kesho yake. Lakini huyo si wa kuogopwa zaidi, maana anaonekana. Wengi wanaomeza kijidudu hiki hawaugui kabisa, au huendesha siku moja wakalaumu kiporo. Hata hivyo hukitoa katika haja zao kwa siku kadhaa, pengine hata kumi. Ndiyo maana utetezi wa mwenye nyumba, kwamba “nyumbani kwangu hakuna mgonjwa,” hauna mashiko. Wapangaji wake kumi na wanne wote wazima, na shimo lao limebeba msiba wa mtaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mambo haya si mageni, wala si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1854 mtaa wa Broad Street jijini London ulipoteza watu zaidi ya 600 katika muda wa wiki chache. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikuwa wakichota maji wapi, na karibu majibu yote yakamrudisha kwenye pampu moja ya mtaa. Mpini wa pampu ukang'olewa. Baadaye ilipochimbuliwa, ikaonekana kwamba shimo la maji machafu la nyumba ya jirani, ambamo zilimwagwa fua za nepi za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha, lilikuwa limepasuka hatua moja tu kutoka kisimani. Shimo moja, nyumba moja, mtoto mmoja. Inasimuliwa pia kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa mtaani humo walisalimika, kwa kuwa walikunywa bia yao. Wapenzi wa chupa wasichangamke bure: maji ya bia huchemshwa kwanza, na kiwanda kile kilikuwa na kisima chake.

Huku kwetu, David Livingstone alipita Unguja mwaka 1866 na ufuko wa mji ukamchefua kwa uvundo hata akaubunia mji jina la kejeli. Na nani wa mji huo angependa jina hilo? Lakini miaka mitatu baadaye kipindupindu kilitelemka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kikapanda majahazi, kikakuta ufuko uleule ukingoja wageni. Walikufa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo, aliyaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1876, akafuata nyayo za maradhi kwa misafara ya bara na kwa vyombo vya baharini. Na Sayyid Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870, akavuta maji ya chemchemi kwa bomba mpaka mjini. Mgala muue na haki yake mpe. Mtawala wa karne ya 19, ambaye hakuwa amesikia habari za Koch, alitambua kwamba mji uliokunywa maji ya visima vya uani ulikuwa ukijinywa wenyewe.

Sasa mtazame mwaka 2015. Agosti ya mwaka huo kipindupindu kiliibuka Dar es Salaam. Kabla hakijazimwa kilikuwa kimeenea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara na kuvuka hadi Zanzibar, kikawashika watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 300. Wako watakaodakia: Agosti ni kiangazi, mvua ilikuwa wapi? Swali ni zuri, na jibu lake ni baya. Maradhi yalianza katika ukavu, kwa visima vifupi vilivyochimbwa kando ya mashimo ya vyoo, kwa ndoo na vikombe vya pamoja. Kisha mvua za vuli zikaja zikakuta mashimo yamekwisha kupata mbegu, na waliozoea kuzibua tundu wakazibua. Kiangazi kilipanda, wao wakamwagilia.

Mei ya mwaka huohuo yalitokea maafa mengine, Kagunga mkoani Kigoma. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijikuta katika kijiji kimoja chembamba kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, hawana vyoo, hawana maji ila ya ziwa. Kipindupindu kiliwaua wapatao 30 kabla ya meli ya Liemba na vyombo vingine kumaliza kuwahamisha. Nani awalaumu wale? Hawakuwa na shimo, hawakuwa na sururu, hawakuwa na chaguo. Mwenye nyumba wa Manzese au Vingunguti analo.

Atasema hana fedha. Hapa iko haja ya haki. Ni sehemu ndogo tu ya nyumba za Dar es Salaam iliyounganishwa na mabomba ya maji taka. Nyumba nyingi zategemea shimo. Gari la kunyonya halipiti kwenye uchochoro usiopitisha hata mkokoteni. Maji ya ardhini mabondeni yako karibu, shimo hujaa upesi. Yote hayo ni kweli, na serikali inayopima viwanja baada ya watu kujenga ina sehemu yake ya lawama. Lakini siku hizi vipo vyombo vidogo, pampu za mkono na pikipiki za matairi matatu, vinavyoingia mpaka uani na kubeba pipa kwa pipa. Nyumba nne zikichangiana, mzigo wa kila moja hupungua.

Kuchangiana! Neno hilo halipaswi kuwa geni kwa watu wa mji huu. Kijana wa mtaani akitaka kuoa, kamati huundwa ndani ya wiki moja, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango hupita hadi kwa mtu aliyekutana na bwana harusi mara moja kwenye daladala. Kuna sendofu, kuna harusi, kuna kuvunja kamati, na katika kila moja kuna ukumbi, mapambo, mshereheshaji anayepiga kelele mpaka saa saba, na keki ya tabaka tano inayolishwa wazazi kwa vijiko kama watoto wachanga. Watu hukopa wapate kuchanga. Wengine hununa mwaka mzima kwa kuwa hawakupewa kadi. Wiki mbili baada ya sherehe, maharusi hupanga chumba katika nyumba ambayo choo chake kimejaa, na katika wale wajumbe thelathini wa kamati hapatikani hata mmoja wa kuitisha kikao cha shimo.

Uwezo wa kukaa pamoja kwa jambo la choo ulikuwapo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio moja ya kijiji, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Hawakuwa matajiri kuliko wajukuu wao wenye simu mbili mfukoni. Na Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza siku hiyo watu wafanye usafi kwa sababu ya kipindupindu, naye mwenyewe akaonekana akizoa taka nje ya Ikulu. Mji mzima ulifagia. Picha zilipigwa nyingi. Mafagio mengi hayakuonekana tena.

Yuko pia anayejifariji kwamba maradhi haya ni ya uswahilini. Na aulize yaliyotokea Nairobi mwaka 2017, mawaziri wawili wa serikali walipolazwa kwa kipindupindu baada ya kula kwenye maonyesho ya biashara. Mchicha wa sahani ya mheshimiwa huoteshwa mabondeni, na mabonde ndiko mitaro inakoishia.

Kosa la mwisho ni la wanaoficha mgonjwa kwa aibu, wakimfungia ndani na kusema ana malaria. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa kipindupindu kilio hakikawii. Aibu hiyo haina msingi, kwa kuwa tiba ni rahisi kupita kiasi. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawapa wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi wanywe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi wasiofika 4. Pakiti za mchanganyiko huo zimejaa katika vituo vya afya. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi humtunza mgonjwa njiani wakati anapelekwa kituoni. Apelekwe leo, si kesho.

Sheria haikosekani: ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kinachokosekana ni bwana afya anayetoka ofisini mvua ikinyesha, mjumbe anayethubutu kumtaja mwenye nyumba anayemdai kodi, na jirani anayegonga mlango usiku uleule badala ya kunung'unika asubuhi akiruka madimbwi.

Masika huanza Machi. Mwenye shimo lililojaa na akae na majirani zake Februari, uchochoro ungali mkavu na chombo cha kunyonya kingali kinapita, na hilo tofali alijengee saruji.