KIKULACHO KASA KI MOYONI

Kasa mgonjwa akipelekwa kituo cha Watamu, wapo wanaodai akishaanza kula tu arudishwe baharini. Jamani, haraka ya nini? Wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kasa ki moyoni hasa! Minyoo wa damu, jamaa za wale waletao kichocho, hukaa moyoni na mishipani mwake, mayai yao yakaenea hadi ubongoni. Ruba wa ngozini huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, lakini hawa wa ndani hawaonekani. Dawa ni prazikwanteli, ile ile tunayomezeshwa sisi. Naonelea apimwe, atibiwe, apumzike. Kasa mnyonge huelea tu, mashua zikamgonga. Nanyi wana wa wavuvi, waambieni wazee: wakimwona akielea, watoe habari.