Msumeno wa Reli na Nyumba ya Pande

Fundi seremala afanyaye kazi mahali palipofikiwa na umeme hakawii kutamani mashine. Siku hizi inayotajwa sana ni ule msumeno wa duara uliofungwa juu ya meza yake ndogo, ambao kwa kifupi tutauita mashine ya kukatia pembe. Aina yake ya bei ya juu ina mambo mawili ya ziada: kichwa chake huweza kulazwa upande ili kukata pembe mbili kwa mara moja, na huteleza juu ya reli ili kuufikia ubao mpana. Mtu wa Pande, katika Wilaya ya Kilwa, anayetaka kuondoa makuti na kuezeka bati, kubadili milango na kupiga dari, huenda akaambiwa kwamba bila ya mashine ya namna hiyo kazi yake haitakuwa safi. Nashikilia kwamba kwa nyumba moja ushauri huo si sahihi, na sababu zake zimo katika hisabati na fizikia ya shule ya sekondari.

Tuanze na hiyo reli, kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Mashine ya kawaida yenye bapa la kipenyo cha milimita 254 hukata ubao wa upana wa milimita 140 hivi. Yenye reli hufika kama 300. Mbao za kenchi ni za inchi 2 kwa 4, yaani milimita 100 kwa upana. Paa la bati likiinama kwa digrii 20, urefu wa mkato ni 100 kugawanya kwa kosini ya 20, ambao ni milimita 106. Hata kwa digrii 45 mkato ni milimita 141 tu, na msumeno wa mkono huumaliza bila ya reli yoyote. Reli huanza kuwa na maana kwenye miimo ya milango ya inchi 2 kwa 6, ambayo kwa digrii 45 hudai milimita 212. Lakini seremala mzuri haungi miimo na kizingiti kwa pembe ya digrii 45. Huchonga ulimi na tundu, kwa patasi.

Na huko kulala upande? Hutakiwa hasa kwa urembo wa pembeni mwa dari. Hapo pia ipo njia rahisi: kipande kikisimamishwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye mifereji ya digrii 45, kikiwa kimeinama vilevile kitakavyoinama ukutani, mkato mmoja wa wima hutoa pembe zote mbili. Mwalimu wa jiometri angeweza kulionyesha jambo hili kwa kipande cha boksi na wembe, na wanafunzi wangelikumbuka kuliko kanuni kumi za ubaoni.

Jambo zito zaidi ni kwamba mashine hii hukata ubao kwa kukingama tu. Haipasui. Kazi kubwa ya kutengeneza upya nyumba ya pwani ni kupasua, kuranda na kunyoosha mbao zilizopinda kwa kukaushwa haraka. Mwenye fedha ya mashine moja tu akinunua ya pembe, atabaki akitafuta mtu wa kumpasulia.

Usahihi nao si mali ya umeme. Fremu ya pembe nne ina mikato minane. Kila mkato ukikosea kwa nusu digrii upande uleule, makosa hujumlika kuwa digrii nne, na pembe ya mwisho hukataa kufunga. Mashine iliyopimwa vibaya hulirudia kosa hilohilo kwa uaminifu mkubwa, haraka, katika mbao za mninga ambazo mti wake huchukua miongo kadhaa kukua. Kilwa yafaa iliangalie hilo kuliko wengine, kwa kuwa mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani humo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri.

Wazee wa pwani hii hawakuwa na mashine, nao walilijua kadiri la mti wao: vyumba vya nyumba nyingi za mawe za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara havizidi sana upana wa mita 3, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko iliweza kuubeba.

Kuhusu umeme, tufanye hesabu. Mashine ya wati 1,800 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 8. Fundi akiivuta kwa waya wa shaba wa mita 50 wenye unene wa milimita mraba 1, mkondo husafiri mita 100 kwenda na kurudi; ukinzani ni kama omu 1.7, na volti zinazopotea njiani ni karibu 14. Hapo ni kabla ya kuhesabu udhaifu wa njia yenyewe ya kijiji saa za jioni. Mota hupungukiwa nguvu, bapa hukwama, waya hupata moto.

Tena kuna vidole. Bapa la milimita 254 likizunguka mara 4,800 kwa dakika, ncha za meno yake hukimbia karibu kilomita 230 kwa saa. Kwenye mashine ya reli, kichwa huvutwa kikiwa juu, hushushwa, kisha husukumwa mbele kikikata. Anayekata huku akikivuta huliacha bapa lipande juu ya ubao na kumjia yeye mwenyewe. Vumbi la mbao pia lisipuuzwe: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kikundi cha mafundi wanaotengeneza milango ya nyumba nyingi, hao nawaambia wainunue, na bapa liwe la meno 60 au zaidi, yenye kuinama nyuma kidogo ili yasijivute. Ila kabla ya kulipa, wakivute kichwa hadi mwisho wa reli na kukitikisa kwa mkono. Kikicheza hapo, mkato wa ubao mpana hautanyooka. Kisha wakate ubao kwa pembe mraba, wakigeuze kipande kimoja chini juu, wakiunganishe tena na mwenzake na kuviegemeza vyote kwenye ubao ulionyooka. Kosa lililomo huonekana hapo likiwa maradufu, na mwanga ukipenya katikati, mashine hiyo ibaki dukani.